Siku "he" na "she" viliponiumbua kwenye pango la Hans Meyer

Kwanza niseme, huku Moshi tukisema gaidi hatumaanishi yule wa mabomu, tunamaanisha mtu anayepandisha wageni Kilimanjaro. Na hii stori ni ya Februari 2011, mwaka wangu wa kwanza kuwa asistanti gaidi, leseni mpya bado inanukia plastiki na Kiingereza changu nacho kipya hivyo hivyo, hakijawahi kupigwa na baridi.

Mi nimesoma shule ya msingi ya kijijini, darasa la kwanza mpaka la saba Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu na mwalimu mwenyewe anakifundisha kwa Kiswahili. Mnasimama wote "Good morning teacher" kwa ile tyuni ya kuvuta, mnakaa, imeisha hiyo. Halafu unaingia kidato cha kwanza kila kitu kimegeuka, baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, unakopi ubaoni kitu ambacho hujui kama kinaongelea mmea au mnyama. Fomu foo nikapata ziro, hapo sitaki kukaa sana. Nikaenda kubeba.

Sasa ukiwa mgumu, ndo wapagazi wanavyoitwa huku, Kiingereza cha nini? Kilo 20 za mgeni haziulizi tensi. Lakini siku ya mwisho wakati wa kugawa tipu unaona mwenyewe, gaidi anaondoka na hela ambayo wewe utaipata ukipanda mara nne, na mlima ni ule ule, tena yeye kabeba kibegi cha maji tu. Wazee wa kazi wakaniambia dogo, tofauti yako na yule ni mdomo.

Basi nikaanza kuutafuta huo mdomo. Mjomba alikuwa na redio ya betri, jioni nashika VOA, kile kipindi chao cha Special English, kilianza tangu 1959 huko, wanasoma taratibu kabisa kama theluthi mbili ya mwendo wa kawaida na maneno yao ni kama 1,500 tu wanayazungusha hayo hayo. Yaani mtangazaji anaongea kama anamlisha mtoto uji. Nikawa naelewa, nikajiona nimefika. Nikajiunga na kozi ya jioni pale mjini, mwalimu wetu alikuwa anapenda majedwali kuliko kula, must ni lazima, should inapaswa, may huenda, ukisema "he go" bila es unasimama mpaka kipindi kiishe. Kwenye karatasi nilikuwa moto aisee, present perfect continuous ungeniuliza usingizini ningekujibu. Shida ni kwamba mule darasani hatukuwahi kuongea na mtu. Tulikuwa tunaongea na ubao.

Haya, Februari hiyo nikapangwa safari ya njia ya Marangu, wageni wanne, chifu mmoja, yaani gaidi mkuu, na maasistanti wawili. Wageni wawili walikuwa vijana wa kukimbia, hao nawaacha. Wengine wawili ni baba na binti yake kutoka Glasgow, Uskochi, mzee ana kama sitini hivi, binti ishirini na kitu. Na siku ya kwanza tu pale getini nikajua VOA imenidanganya. Huyu mzee anaongea kama mawe yanashuka korongoni! Nasikia neno moja kati ya kumi, mengine natikisa kichwa "yes yes". Halafu wana neno lao "wee", kumbe maana yake kidogo, kila kitu wee, wee bit hivi, wee bit vile, na mi kichwani kwangu wee ni ile ya kumshangaa mtu, kwa hiyo kila akilisema nadhani ananikemea.

Kitu kingine kilichowachanganya ni sorry. Binti akijikwaa nasema sorry, mzee akipaliwa chai sorry, siku ya pili akashindwa kuvumilia akaniuliza mbona unaomba msamaha kila saa wakati hujafanya kosa lolote. Nikakosa la kumjibu. Utamwelezaje mtu pole? Kamusi inasema pole ni sorry, mi nikaiamini kamusi.

Usiku wa samiti, yaani wa kwenda kileleni, tukawaamsha saa tano pale Kibo Hut, kambi ya mwisho, mita 4,720, chai na biskuti, saa sita tukaanza kupanda. Baridi ile siielezei, aliyepanda anaijua. Chifu akatangulia na wale vijana, mi na mwenzangu tukabaki nyuma na baba na mwana, pole pole, tochi za kichwani zinamulika visigino vya aliye mbele. Mwenzangu mlima anaujua kunizidi mbali, ila Kiingereza chake kilikuwa kinaanzia "drink water" kinaishia hapo hapo, kwa hiyo kuongea kote kukawa juu yangu.

Tukafika pango la Hans Meyer, hapo ni kama 5,150 na ndo karibu nusu ya njia ya kwenda Gilman's, kule ukingoni mwa kreta. Tunapumzika. Binti hakai, anaanguka kukaa. Namuuliza kichwa anasema "a wee bit", lakini sauti inavuta kama mlevi, glovu moja imemdondoka wala hajui. Nikamsimamisha, nikamwambia tembea mstari mmoja, kisigino kiguse kidole, ile tuliyofundishwa. Hatua ya tatu akaenda pembeni, mwenzangu akamdaka. Tukaangaliana hatukusema kitu. Mtu akishaanza kuyumba namna hiyo ni ubongo unavimba kwa kukosa hewa, hapo dawa ni moja, kushuka, na ni sasa hivi sio baada ya kuona jua linachomoza.

Nikamgeukia mzee maana ndo baba, kwetu ungeanza na mkubwa. Nikavuta pumzi, nikachomoa sentensi yangu bora kuliko zote, imenyooka, es iko mahali pake: "He is very sick. He must go down now."

Mzee akaniangalia. Akasema yuko fiti kabisa. Nikamwambia "No sir, he is not fine, he must go down." Akapandisha, akaanza yale mawe yake yote, nikaambulia kwamba amejiandaa mwaka mzima na kwamba mi sina haki ya kumwambia must. Na mi nikawa najiuliza huyu baba gani, mwanae anayumba yeye anagombania kilele? Nikaongeza sauti, akaongeza na yeye. Watu wazima wawili tunagombana kwenye pango saa nane za usiku, mwenzangu ananivuta jaketi ananiuliza anasemaje, nikamwambia amekataa binti asishuke. Mwenzangu akasema basi huyu mzee hana akili.

Binti ndo alitusaidia, kichwa kiko magotini, sauti haitoki vizuri: "Dad. He means me."

Kimya. Mzee akamulika tochi kwa binti, akaona ile glovu chini, na nafikiri ndo kwanza akamwona vizuri tangu tutoke Kibo. Hakusema neno tena. Akainama akamvalisha glovu.

Tukashuka wote wanne, binti katikati tumemshika mikono, nikamwita chifu kwenye redio kwa Kiswahili, "mgeni anayumba, namshusha", akajibu shusha. Angalia hapo, sentensi fupi hivyo na hakuna aliyeniuliza ni mwanaume au mwanamke. Kwetu "a" moja inawatosha wote, baba, mama, bibi, hata mbuzi anayumba.

Kibo hatukulala, tukampakia kwenye machela ile ya tairi moja tukaunganisha mpaka kambi ya chini, Horombo, mita 3,720. Kumekucha tayari. Na ugonjwa huu ndivyo ulivyo ukiuwahi, yaani tulivyozidi kushuka ndo mtu anarudi, mpaka saa nne asubuhi binti anakunywa supu na anamcheka baba yake.

Mzee akanifuata jikoni. Nikajua nimekwisha, atanisemea ofisini. Kumbe kaja kuuliza kitu kimoja, kwa nini nilisema he. Nikamweleza hivyo hivyo kwa kuokoteza, kwamba kwa lugha yangu yeye ni mmoja. Binti akadakia kutoka mezani, sasa nyie mnajuaje kama ni mwanaume au mwanamke? Nikamwambia "We look." Walicheka mpaka mpishi akatoka kuangalia kuna nini.

Halafu mzee akaomba daftari langu. Akanieleza, safari hii taratibu kabisa, taratibu kuliko VOA, kwamba shida haikuwa he peke yake, shida ilikuwa na ile must. Kwao ukimwambia mtu mzima you must unakuwa kama askari. Mi ningejuaje? Kwa Kiswahili naweza kukuambia "tushuke kidogo dada" na hiyo tu inatosha, adabu iko kwenye hiyo "e" ya mwisho na hiyo "tu" ya mwanzo inayoniweka na mimi kwenye safari, lakini jedwali la mwalimu wangu halikuwa na safu ya adabu. Akaniandikia sentensi tatu: I'm worried about your daughter. I'd like us to go down. What we're going to do now is. Ya tatu akasema hiyo haiishi, utaimalizia mwenyewe kulingana na tatizo. Nilikariri zile tatu mpaka getini, na wiki iliyofuata nikazitumia kwa mgeni mwingine aliyegoma kunywa maji, akanywa.

Daftari zima la kozi sijui liliishia wapi, ukurasa ule ninao. Siku hizi nimeacha kupanda, magoti, nakaa ofisini napokea simu za wageni na kuandika imeili, na bado nikiharakisha ulimi unateleza.

Ile krismasi binti aliandika. Kwamba amepona kabisa, kwamba baba anatafuta mazoezi ya kurudi tena, na mwisho kabisa akaweka: "Say hello to your wife. I hope he is well."

Nikamsomea mke wangu. Akauliza he ndo nani.