Mguu Unaowaka Moto: Tafuta Mlango

Mguu ukiamka umevimba na unawaka, na mwenyewe anatetemeka kwa baridi ilhali jua limeshapanda, neno la kwanza mtaani ni "kakanyaga kitu". Neno hilo lina ukweli kuliko wasemaji wake wanavyodhani. Mara nyingi kweli kakanyaga: tumbawe, mwiba wa taa, kombe lililovunjika, msumari wa dau. Au hakukanyaga chochote, ila ngozi iliyo kati ya vidole vyake imelainika kwa unyevu ikachubuka, na vijidudu vikapita hapo hapo. Ugonjwa wenyewe ni selulaitisi: maambukizi ya ngozi na tabaka la mafuta lililo chini yake. Mara nyingi huletwa na bakteria waitwao streptokoka, na palipo na usaha au kidonda, wenzao stafilokoka.

Maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ndiyo maana yanaanza na wekundu. Kwetu Zanzibar ukiungojea wekundu utachelewa. Ngozi nyeusi iliyoambukizwa huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, inang'aa na kukazika, na vitundu vyake huonekana kama ganda la chungwa. Tumia nyuma ya kiganja: pitisha juu ya mguu mmoja, kisha mwingine, kwa kimo kile kile. Tofauti ya joto utaihisi. Bonyeza taratibu kutoka palipo pazima kuelekea panapouma mpaka upate mpaka. Kisha pima kinena upande huo. Mtoki ukiwepo ni ushahidi mwingine.

Homa na kutetemeka vinaweza kutangulia uvimbe kwa saa kadhaa. Mtu anafika kituoni, anapimwa malaria, haionekani, anarudishwa nyumbani na panadol. Kumbe chini ya baibui na soksi kuna mguu ambao hakuna aliyeutazama. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, mfunue mgonjwa miguu yote miwili, nyayo na vidole pia.

Yote miwili, kwa sababu selulaitisi karibu kila mara ni ya mguu mmoja. Ikivimba miwili kwa pamoja, bila homa, fikiria moyo, figo au mishipa ya damu iliyochoka. Antibayotiki hapo ni hasara. Kuna vinavyofanana nayo hata kwenye mguu mmoja. Damu iliyoganda ndani ya mshipa huvimbisha na kuuma shavu la mguu, hasa kwa aliyejifungua karibuni au aliyelala kitandani muda mrefu, na inahitaji kipimo cha ultrasaundi. Jongo hushika kiungo chenyewe, aghalabu kidole gumba. Jipu nalo lina kitovu: ukibonyeza kwa vidole viwili unahisi maji yanacheza. Jipu hupasuliwa na kukamuliwa na mhudumu. Kulimwagia vidonge bila kulipasua ni kulilea.

Ukishapata mpaka wa uvimbe, chukua kalamu ya wino, uchore mstari pale unapoishia, uandike tarehe na saa juu ya ngozi. Kazi hii haigharimu kitu, na mara nyingi inamsaidia daktari kuliko vipimo vingi vya damu. Ila usome mstari huo kwa akili. Katika saa 24 hadi 48 za mwanzo, uvimbe unaweza kuuvuka kidogo hata kama dawa inafanya kazi, kwani vijidudu vinapokufa mwili bado unapambana na mabaki yao. Homa na maumivu hutangulia kupungua, rangi hufuata baadaye. Ukiona homa ipo pale pale baada ya saa 48 na mstari umeachwa mbali, rudi kituoni. Ama dawa siyo, ama kuna usaha uliojificha, ama ugonjwa ni mwingine.

Kuhusu dawa, mwandikaji ni daktari, lakini ni vizuri kujua kinachotarajiwa. Kwa mtu mzima ambaye si mahututi ni fluklosasilini au kloksasilini miligramu 500 kila saa 6, tumbo likiwa tupu, au sefaleksini miligramu 500 kila saa 6. Mguu ukionyesha nafuu, siku 5 hadi 7 zinatosha. Amoksilini peke yake haitoshi palipo na stafilokoka, kwa kuwa wengi wao hutoa kimeng'enya kinachoivunja. Na ile Ampiclox inayopendwa madukani, kapsuli ya miligramu 500 ni nusu ampisilini na nusu kloksasilini. Kwa hiyo anayemeza moja amepata miligramu 250 tu za kloksasilini. Asiyepatana na penisilini aseme kabla hajaandikiwa, apewe klindamaisini au erithromaisini. Mwezi wa Ramadhani, dozi ya kila saa 6 haikai ndani ya futari na daku. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, na anayesisitiza kufunga amwambie daktari mapema, asije akapunguza dozi kimya kimya.

Nusu ya pili ya tiba ni kuinua mguu, na ndiyo inayosahauliwa. Mguu uwe juu kuliko moyo. Kukaa barazani na mguu juu ya kibao cha mbuzi hakuhesabiki! Lala, weka mito miwili au mitatu, au egemeza miguu ya kitanda upande wa chini juu ya matofali. Kwa maumivu tumia parasetamoli, gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Diklofenaki naiogopa hapa kwa sababu inaweza kufunika maumivu ambayo ndiyo ishara ya hatari.

Ishara yenyewe ni hii: maumivu makubwa kuliko kinachoonekana. Ngozi inaonekana ya kawaida kiasi, na mgonjwa analia ukimgusa. Kisha yaje malengelenge meusi, ganzi mahali palipokuwa pakiuma, ngozi inayolia kama karatasi chini ya vidole, na uvimbe unaopanda kwa saa badala ya siku. Hapo vijidudu vinakula tabaka linalofunika misuli, na dawa yake ya kwanza ni kisu cha upasuaji. Aliye kijijini asilale akingoja asubuhi. Aliye Unguja apelekwe hospitali ya Mnazi Mmoja, na aliye Pemba hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama Abdulla Mzee, Mkoani. Vivyo hivyo mtoto aliyevimba jicho ambalo limetoka nje, linauma likigeuka, au haoni vizuri.

Bahari ina mambo yake. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanasimama majini saa nyingi, na mkato wa tumbawe huacha vipande ndani. Osha kwa maji safi mengi, toa kila kipande kinachoonekana, na uulize lini mara ya mwisho ilidungwa sindano ya pepopunda. Kidonda kichafu na zimepita zaidi ya miaka 5, idungwe tena. Kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari aliyejikata majini, mwambie daktari kwamba ni jeraha la bahari, kwa sababu kuna vijidudu vya vibrio vinavyohitaji doksisaiklini pamoja na seftriaksoni. Wapasua samaki wana ugonjwa wao: kidole kinageuka zambarau, kinauma, na doa linatambaa polepole siku kadhaa baada ya kuchomwa na mwiba. Huo hutulizwa na penisilini.

Mafuta ya karafuu juu ya ngozi iliyochubuka yanaunguza. Chale na chuku kwenye mguu unaowaka ni kuvifungulia vijidudu milango mipya.

Na mlango ndio unaoamua kama utaugua tena. Panua kila kidole cha mguu, utazame. Ngozi nyeupe iliyolowa, inayobanduka na kunuka, ni fangasi. Anayetia udhu mara tano kwa siku hupitisha kidole kati ya vidole vya miguu kama sunna inavyotaka, lakini wengi huvaa viatu papo hapo. Kufuta maji hakuubatilishi udhu. Weka kitambaa kikavu karibu na birika. Paka klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Magaga yapakwe mafuta kila usiku. Pima sukari ya damu hata kama hakuna aliyewahi kukwambia unayo.

Wenye matende ndio wanaoonewa zaidi. Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende na mabusha kwa umma mwaka 2001, lakini mguu uliokwisha kuharibika mishipa yake ya limfu haurudi, na kila kipindi cha homa huuzidisha. Uoshwe kila siku kwa sabuni na maji yasiyo moto, kuanzia gotini kushuka, ndani ya kila mkunjo kwa kitambaa laini, kisha ukaushwe kwa kugusisha, si kwa kusugua. Siku za homa, pumzika na uweke kitambaa cha baridi. Mazoezi ya kifundo yasubiri, na dawa za kuua minyoo ya matende zisinywe siku hizo.

Aliyeshikwa mara mbili au zaidi kwa mwaka ana njia nyingine. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa 2013 ulionyesha kwamba penisilini miligramu 250 mara mbili kwa siku, kwa mwaka mzima, ilishusha waliougua tena kutoka asilimia 37 hadi 22. Utafiti wa Australia, 2020, ulitumia bandeji na soksi za kubana kwa wenye uvimbe sugu: kutoka asilimia 40 hadi 15. Bandeji ianzie vidoleni ikipanda mpaka chini ya goti, na kabla ya kuifunga tafuta mpigo wa damu kwenye mgongo wa wayo, yaani upande wa juu, si chini. Usipousikia, usifunge, mguu wenye damu haba unaweza kufa ukibanwa.