Kengele ya hatari na jina la Mohamed

Wiki hii nimekuwa kwenye warsha ya watafiti wa hisabati hapa Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Mada ni algorithimu, yaani hatua za hesabu ambazo kompyuta hufuata, za kutambua hatari: gesi ya sumu inayovuja, mlipuko wa ugonjwa, msongamano usio wa kawaida barabarani, shambulio linaloandaliwa. Ndugu zangu Dar es Salaam wakisikia hivyo hudhani nimejiunga na usalama wa taifa. Hapana. Ni watu wa takwimu, ubao na milinganyo.

Kazi nyingi zinasimama juu ya wazo ambalo Mwingereza E. S. Page alilichapisha mwaka 1954 kwa ajili ya ukaguzi wa ubora viwandani. Kila kipimo kinapozidi kawaida, ziada yake inaongezwa kwenye jumla. Kikipungua, jumla inashuka, ila haiendi chini ya sifuri. Jumla ikivuka kizingiti, kengele inalia. Ukishusha kizingiti, unagundua hatari mapema lakini kengele italia bure mara nyingi. Ukikipandisha, unapata utulivu na unachelewa. Hakuna kompyuta itakayokuondolea uchaguzi huo.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Chukua abiria milioni 1, tuseme 10 kati yao wana nia mbaya. Programu inawanasa wabaya 99 katika kila 100, na inawasingizia wasio na hatia 1 tu katika kila 100. Inaonekana ni programu nzuri sana. Lakini itawaweka kando watu wasio na kosa wapatao 10,000 ili kuwapata hao 10. Kwa kila watu 1,000 wanaosimamishwa, mwenye hatia ni kama mmoja. Hesabu hii inatokana na kanuni ya Thomas Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo chake, na kila mtu ukumbini anaijua. Swali ni hao 10,000 ni akina nani.

Sisi watu wa Pwani wengi hatuna jina la ukoo kama la Wazungu. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Ali Mohamed Ali ni wangapi kati ya Tanga na Kilwa? Na Mohamed huyo huyo, karani mmoja ataandika Muhammad, mwingine Mohammed. Programu ya kulinganisha majina ya abiria na ya washukiwa huhesabu herufi ngapi zibadilishwe ili jina moja liwe jingine, kisha inatoa alama ya ufanano. Kwa majina yetu alama hiyo hupanda haraka mno. Nimeshawahi kukaa kwenye chumba cha kando cha uwanja wa ndege kwa sababu ya mtu mwingine mwenye majina kama yangu, nikakosa ndege ya kuunganisha.

Hata hivyo sisemi kazi hii iachwe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, na wengi wao walikuwa Waafrika waliokwenda kazini au waliokuwa wakipita njia. Onyo la mapema lingeokoa watu wetu kwanza.

Wakati wa maswali niliuliza kama kiwango cha kengele za bure kimepimwa kwa kila kundi la majina peke yake, au ni wastani wa wote. Mtoa mada akajibu wazi: wastani. Wastani unaweza kuwa asilimia 1 huku kwa akina Mohamed ukiwa mara nyingi zaidi, na jedwali lisionyeshe chochote.

Wakati wa chai alinifuata. Tumekubaliana tutengeneze orodha ya majina ya kubuni yenye mpangilio wa jina, baba na babu, tahajia zikibadilika kama zinavyobadilika kwenye pasi zetu, tuipitishe kwenye programu yake, kisha tutafute kizingiti kinachozingatia wingi wa kila jina. Jina likiwa la kawaida sana, kufanana nalo kuhesabiwe kuwa ushahidi mdogo. Orodha naanza kuiandika leo usiku.