Nilivyoandika barua za wake za wanamgambo Makambako

Kazi ya kuandika barua sikuiomba. Nilikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, msichana wa darasa la saba niliyekabidhiwa chaki baada ya mafunzo mafupi, na jioni nilifundisha elimu ya watu wazima. Darasa hilo lilikuwa limedorora. Akina mama walikuja siku wanayojisikia, wakasinzia, wakaenda zao kupika. Kisha Novemba 1978 vijana wa mgambo wakaanza kuitwa vitani kupigana na Idi Amin wa Uganda, na jirani yangu akaingia jikoni kwangu na karatasi aliyoichana kwenye daftari la mwanawe. "Mwalimu, niandikie."

Huku hatukusikia mlio wa risasi hata mmoja. Kagera ni pembe nyingine kabisa ya nchi; tuliifahamu kwa redio, tangu Mwalimu Nyerere aliposema Novemba 2 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Tulichokiona Makambako ni magari kuadimika, maana malori na mabasi mengi yalichukuliwa kubeba askari na chakula chao. Mji wa njia panda kama wetu, uliozoea magari ya Songea na ya Mbeya kulala hapo, ulijua mara moja. Dukani sabuni ikakatika, mafuta ya taa yakaja kwa kibaba. Wengi husema uhaba ule wote uliletwa na vita. Mimi sikubali sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, na foleni ndefu kabisa tulizipanga baada ya vita, tulipoambiwa tufunge mikanda miezi 18.

Watu wa sehemu za joto walifulia majani ya mpapai. Baridi yetu mpapai haiitaki, kwa hiyo tulirudi kwenye maji ya jivu. Unachoma maganda makavu ya maharage, jivu unalitia kwenye chungu kilichotobolewa chini, unamimina maji kidogo kidogo. Yanayochuruzika yanateleza mkononi na yanatoa uchafu wa kola barabara, pamoja na ngozi ya vidole vyako.

Tuendelee na barua. Mwanzoni walikuja kwa kundi, kila mmoja anasikia ya mwenzake. Nikaona haitawezekana: nani atasema mbele ya wifi yake kwamba mama mkwe amebeba debe la mahindi? Nikaanza kuwapokea mmoja mmoja, jikoni, sufuria ikiwa motoni, ili anayepita adhani mgeni kaja kuomba kaa la moto.

Karatasi ilikuwa adimu na salamu zilikuwa ndefu. Salamu nyingi zikufikie huko uliko, sisi huku wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Kisha salamu za shangazi, za babu, za jirani wa kulia na wa kushoto. Ukifika kwenye jambo lenyewe, kwamba mbegu zimekwisha na shamba la bondeni halijalimwa, ukurasa umeisha. Nikashauri tuanze na shamba. Bibi mmoja akanikatalia katakata: "Mwanangu akipata barua isiyo na salamu, mwalimu, atajua nimekufa." Basi nikajifunza kuandika herufi ndogo.

Shida nyingine ilikuwa anwani. Wengine hawakujua waume zao wako kikosi gani. Hapo hakuna ujanja, unasubiri barua yake ya kwanza. Bahasha zote nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa, namba zisije zikaishia kuwashia moto. Na yaliyomo sikuyahukumu. Mama mmoja alitaka mumewe afichwe kifo cha baba yake hadi atakaporudi. Niliandika alivyotaka; barua ilikuwa yake, si yangu.

Kusoma majibu kulinichosha kuliko kuandika. Walikuwa hawasikilizi maneno, wanatazama uso wangu. Nikawa nageukia dirishani kana kwamba natafuta mwanga, naisoma yote kimya, ndipo naanza kwa sauti.

Betri za redio zilipochoka tulizianika juani, zikapata nguvu ya kutosha taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ndivyo tulivyosikia Aprili 1979 kwamba Kampala imechukuliwa, Aprili 11. Vigelegele vilipigwa mtaa mzima, na yule bibi akauliza kama watafika kesho. Hawakufika kesho. Wengi walibaki Uganda miezi mingi baadaye, na barua zikaendelea.

Ila mimi sikuziandika zote tena. Tangu mvua za masika, darasa la jioni lilikuwa limejaa bila balozi wa nyumba kumi kupita akihimiza. Walichoka kunipa mimi siri zao, na sikuwalaumu. Mke wa fundi baiskeli ndiye aliyetangulia. Siku alipoandika yake ya kwanza alinificha karatasi kwa kiganja kama mtoto kwenye mtihani, akaniuliza tu neno mbolea linaandikwaje, kisha akaifunga bahasha kwa kipande cha ugali, akaikandamiza mpaka akahakikisha haifunguki.