Luka Peke Yake Yupo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni 2 Timotheo 4:6-11. Paulo yuko kifungoni, anajua wakati wake wa kufariki umefika. Dema amemwacha. Ndipo anaandika: "Luka peke yake yupo hapa pamoja nami." Huyo ndiye tabibu mpendwa wa Wakolosai 4:14, lakini Paulo hataji dawa yoyote aliyopewa. Anasema tu yupo.

Nimemfikiria sana daktari mwingine, Mwingereza Edward Wilson, mtu wa sala aliyekwenda Antaktika, bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, na msafara wa Kapteni Scott. Januari 1912 wao wawili na wenzao watatu walifika Ncha ya Kusini, wakakuta Amundsen na wenzake wa Norwei wamewatangulia. Kurudi ndiko kulikowamaliza. Edgar Evans alifariki Februari. Lawrence Oates, baridi ilimla miguu hata kuvaa buti asubuhi ikawa kazi ya muda mrefu, wenzake wakimngoja. Wilson aliihudumia miguu ile. Lakini vidonda vya baridi vinataka joto, chakula na mapumziko, na kule vyote vitatu havikuwepo. Alibaki na wagonjwa wake, akivuta sleji, gari la kuburuta mizigo juu ya barafu, kama wengine, naye alikuwa ameumia mguu. Mwezi Machi Oates alitoka hemani, akaingia kwenye dhoruba, asirudi, ili asiwacheleweshe wenzake.

Watatu waliosalia walikwama takriban kilomita 20 kabla ya ghala la chakula, kama kutoka Mwanza mjini hadi kupita Kisesa kidogo. Walipopatikana Novemba, Wilson alikuwa amekunja mikono kifuani, na mkono wa Scott ulikuwa juu yake.

Wapendwa, hapa Mwanza tumezoea kuhubiri uponyaji, na tunafanya vema. Ila mgonjwa akiombewa asipone, tunaanza kumkwepa, kana kwamba imani yake ilipungua. Hilo linaniuma. Mama mmoja ameletwa hospitali ya Bugando kutoka kisiwani Ukerewe, ndugu yake mmoja yuko naye na chupa ya uji, wameshaambiwa ugonjwa umefika mbali. Sisi tunatuma pole kwa simu na hela kidogo. Sizidharau hela, nauli na dawa havingoji. Lakini yule mama anageuza shingo kila mtu anapoingia wodini, akitazama kama ni wa kwake.

Wengi hawaendi kwa sababu hawajui waseme nini. Wala Luka hatusomi alisema nini.

Jumamosi tukipanda Bugando, tusikimbilie kupiga maombi ya haraka na kuondoka. Vuta kiti, mnyweshe uji, muulize habari za wajukuu, msomee Zaburi akitaka. Mpe nafasi yule ndugu ashuke akaoge na kula. Muda wa kuona wagonjwa ukiisha, mwambie utarudi siku gani, na siku hiyo urudi.