Kulala garini Mombasa msimu wa kaskazi

Kati ya Januari na Machi mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, usiku haushuki sana chini ya 24, na hewa imejaa unyevu. Feni za maji, zinazopoza hewa kwa kukausha maji, zinazosifiwa na watu wa sehemu kavu, hazifai huku. Maji hayakauki, hewa haipoi, na asubuhi godoro linanuka uvundo. Pesa hizo nunulia shedi neti, yaani wavu wa kivuli.

Kwanza egesha vizuri. Uso wa gari utazame mashariki. Hapo ubavu mrefu unatazama kaskazini, jua la alasiri linapiga zaidi nyuma, na upepo wa kaskazi unaingia kwa mlango wa kushoto. Kivuli cha mwembe ni kizuri. Cha mnazi kiache, nazi moja yatosha kupasua paneli ya sola, au kichwa.

Kioo cha mbele kifunike kwa nje. Pazia la ndani linangoja joto likiwa limeshaingia. Juu ya paa tandaza shedi neti, uiinue sentimita 10 hivi upepo upite chini yake. Ikilalia bati, joto linashuka vilevile. Mafundi nao hukosea: hugandisha karatasi ya alumini moja kwa moja kwenye bati kwa ndani, kisha wakapigilia mbao juu. Karatasi hiyo hufanya kazi ikiwa na uwazi mbele yake, walau sentimita 2.

Feni ya paa iwe ya kutoa hewa nje. Fungua dirisha moja tu, la upande wa kivuli, mbali na feni. La karibu nayo likiwa wazi, hewa hukata njia na kitandani hapafiki kitu. Feni ya volti 12 inayokula ampea 3 itamaliza ampea-saa 30 kwa saa 10, na betri ya asidi ya ampea-saa 100 usiivute kupita nusu. Neti za mbu zisugue kwa brashi, vumbi lenye chumvi huziba matundu.

Kiyoyozi cha BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula wati 1,500 hivi: betri hiyo haimalizi nusu saa. Jenereta ya kVA 2 mara nyingi huzimika kompresa inapowaka, kwani mwanzo huvuta umeme mwingi zaidi. Funga kifaa cha kuwasha kompresa polepole. Mapezi ya kiyoyozi yasuuze kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi, la sivyo yataliwa na kutu.