Kanali bure, jirani kwa ruhusa

Nilipomaliza slaidi ya mwisho ya mhadhara wangu wa reli pale ukumbini Voi, Agosti ya mwaka juzi, kijana mmoja wa benchi la nyuma alisimama akasema, "Mwalimu, hii kitu tutumie kwa WhatsApp." Watu wakapiga makofi. Makofi hulewesha kuliko mnazi, nami nikajibu kwamba kufikia Jumapili wangekuwa nayo.

Wameipata mwezi jana.

Mimi si mwanahistoria. Nimefundisha jiografia miaka 31, na ugonjwa wangu ni reli. Ile ya zamani, ya upana wa mita moja, si hii ya SGR ambayo tuta lake naliona nikiwa jikoni. Baba alikuwa fayamani, mtu wa kutunza moto, kwenye zile injini kubwa za mvuke za Garratt, aina ya 59. Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, zikaletwa huku 1955 na 1956, kila moja na jina la mlima. Tani 252 injini moja, na kwenye reli ya upana huo hapakuwa na injini ya mvuke duniani iliyozishinda nguvu. Zilikula mafuta, si makaa, kwa hiyo hapakuwa na sepetu. Baba alikuwa akisema anayedhani kazi ilikuwa nyepesi kwa sababu hiyo aende akakae ndani ya kile kibanda, saa nane mchana, mbuga ya Tsavo, halafu arudi tuzungumze. Moja yao, nambari 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nikienda huko mke wangu hubaki mjini, ameshachoka kunisubiri.

Mhadhara wangu una slaidi 84, na kati ya hizo picha 61 zilipigwa na mtu mmoja, jirani yetu, karani wa stesheni, Mgujarati tuliyemwita Anko. Anko alikuwa na kamera na hakuwa na gari. Akipata mshahara ananunua filamu ya Kodachrome, ikijaa anaituma Uingereza kwa posta, na baada ya majuma kadhaa kinarudi kisanduku cha plastiki cha manjano, slaidi, yaani vipande vya filamu yenye picha, zimepangwa ndani, kila moja kwenye fremu yake ya kadibodi iliyopigwa muhuri wa mwezi na mwaka. Mwaka 1978 familia yake ilihamia Leicester. Usiku wa kuamkia safari alimletea Baba slaidi zote ndani ya kasha la majani ya chai, akamwambia, "Wewe ndiye uko ndani. Kaa nazo."

Baba alikaa nazo, nami nikakaa nazo. Zilikaa gizani miaka yote hiyo, ndiyo maana rangi hazijafa. Kodachrome ina sifa hiyo ukiiweka mbali na mwanga. Kuna nne za filamu nyingine, zimekuwa nyekundu zote, utadhani Voi ilikuwa inaungua.

Ninayoipenda kupita zote ni ya 44. Garratt imesimama, mvuke unamtoka chini kama mtu anayevuta pumzi. Baba ameweka kiwiko dirishani, kofia kaisukuma nyuma. Mbele yake kuna mama mwenye beseni la ndizi, amenyanyua mkono, na vidole vyake viwili vimeinuliwa. Ni bei, au ni idadi ya mikungu, sijui. Kwenye muhuri: MAR 74. Pembeni kushoto, chini, kuna alama nyeusi, ambayo siku zote niliihesabu kuwa uchafu wa lenzi.

Basi tuanze na pesa ya kuzigeuza slaidi za Anko ziwe faili za kutuma, maana nilidhani shida itakuwa pesa.

Duka la kwanza Mombasa niliwapa slaidi 20 za majaribio, shilingi 50 kwa kila moja. Nilipochomeka flashi nyumbani nikakuta picha ndogo kama stempu. Walikuwa wamezilaza kwenye skena ya karatasi, dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Slaidi ni milimita 36 kwa 24 tu, na kwa kipimo hicho unapata pikseli 425 kwa 283. Kwenye simu inapita. Ukutani, Baba ni ukungu wenye kofia. Elfu moja ikaenda hivyo. Baadaye nikampata kijana mwenye skena ya filamu, shilingi 80 kwa slaidi, dpi 2,400, na hapo picha moja inakuja na pikseli 3,400 kwa 2,270 hivi. Kijana huyo ni fundi wa kweli. Alifuta vumbi kwa brashi ya ngamia slaidi moja moja, na alipofika kwenye ya 44 akaniuliza kama nataka ile alama nyeusi aitoe kwa kompyuta. Nikamwambia aiache, sikuwa na nia ya kulipa zaidi.

Jumla, ukiweka elfu moja iliyopotea, skani 61 (4,880), nauli za Mombasa mara tatu (3,000), maikrofoni (1,800) na bando (1,500), ni shilingi 12,180. Inauma lakini haiui. Faili za asili zilikaribia GB 1.4, hazitumiki kwa barua pepe kwa namna yoyote, kwa hiyo nikatengeneza PDF nyepesi ya WhatsApp na video ya YouTube yenye sauti yangu.

Video niliipandisha asubuhi, na chini ya maneno yangu nilikuwa nimeweka rumba moja ya zamani, kwa utamu tu. Sijamaliza chai, YouTube imeshanitumia taarifa kwamba muziki una mwenyewe na matangazo yakiwekwa pesa ni zake. Wala sikukasirika. Mwanamuziki naye ana watoto. Niliitoa, nikarekodi nyenje wa uani kwangu saa mbili usiku, na nyenje mpaka leo hawajadai. Ramani nayo ilikuwa picha ya skrini niliyokwapua kwenye simu, nikaiondoa, nikaweka ya OpenStreetMap ambayo ruhusa yake iko wazi mradi uwataje wachangiaji wake.

Lile taarifa la rumba ndilo lililonitia wasiwasi na picha. Nina rafiki wakili, tulisoma pamoja, na malipo yake ni pilau. Nikamuuliza swali nililodhani ni la kijinga: slaidi za Anko si zangu? Baba alipewa, mimi nimerithi, kasha liko chini ya kitanda changu.

"Kadibodi ni yako," akasema. "Picha si yako."

Akanieleza akila. Kuwa na slaidi ni kama kuwa na kitabu: unaweza kukitunza, kukiuza, kukichoma, lakini si kukichapa upya. Hakimiliki ni ya aliyepiga, na akifa ni ya warithi wake, hata kama hakuiandikisha popote. Nikasema sawa, ila miaka 50 imepita, 1974 si jana. Hapo akaweka kijiko chini. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, picha inalindwa miaka 50, lakini hesabu inaanza mwisho wa mwaka ilipopigwa, au ilipofikishwa kwa umma mara ya kwanza, au ilipochapishwa mara ya kwanza, kutegemea lipi limekuja mwisho. Picha ambayo haijawahi kutoka ndani ya kasha la chai ni picha ambayo saa yake bado. "Tena," akaongeza, "ulipozionyesha pale ukumbini, huenda wewe mwenyewe ndiye uliyeianzisha." Na Uingereza, walikohamia wenyewe, ni uhai wa mpiga picha na miaka 70 juu yake.

Sasa linganisha na Kanali. Nina slaidi nane za Luteni Kanali John Henry Patterson, yule mhandisi wa daraja la Tsavo aliyewaua wale simba wawili wala watu Desemba 1898, mmoja tarehe 9, mwingine tarehe 29. Kitabu chake kilitoka 1907 na picha zake mwenyewe ndani. Ngozi za simba aliziuza kwa Field Museum ya Chicago mwaka 1924, dola 5,000. Alifariki 1947. Hesabu miaka 70: hata Uingereza hakimiliki yake iliisha mwisho wa 2017. Nimezichukua picha nane, nimezikata nilivyotaka, nimeandika jina lake chini kwa adabu, na hakuna ninayemwomba.

Kwa hiyo picha ya mkoloni niko huru nayo kuliko picha ya jirani aliyenibeba mabegani. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, lakini hata sikujua nimkasirikie nani.

Sita nyingine, za wajenzi wa reli miaka ile ya 1898 hadi 1901, nilikuwa nimezitoa kwenye tovuti ya hifadhi moja ng'ambo. Niliwaandikia barua ya heshima. Wakajibu kwa heshima pia, na ankara: pauni 45 kwa picha, mtandaoni, miaka mitano. Pauni 270 ni zaidi ya shilingi 40,000, kwa mhadhara ambao haumwingizii mtu hata senti. Baada ya miaka mitano nilipe tena au nifute. Mbili nilizipata ndani ya kitabu cha Kanali, zilikuwa zake muda wote. Nne zilizobaki nimeziacha nyeusi. Kwenye video utaona skrini nyeusi na mimi nazungumza juu yake, nikieleza wanaume waliolala mahemani na walivyoshika nyundo. Mke wangu anasema hizo nne ndizo nzuri kuliko zote kwa sababu hapo ndipo ninaposimulia.

Kumtafuta mrithi wa Anko kulichukua miezi saba. Nilienda Mombasa kwenye hekalu walilokuwa wakisali, mzee mmoja akanipa namba ya binamu, binamu akanipa ya shemeji aliyehamia Toronto, shemeji akanyamaza hadi baada ya sikukuu. Binti wa Anko nilimkumbuka msichana wa nywele ndefu aliyenizidi miaka mitatu na kunishinda kila mchezo. Anko mwenyewe alifariki miaka 11 iliyopita.

Nilimwandikia ujumbe mrefu, wa Kiswahili, nikieleza kasha, skani, na sheria. Nikaweka PDF. Nikamwomba ruhusa ya maandishi na sahihi, kwa sababu nilishakuwa mtu wa kuogopa. Wakili wangu alipousoma alicheka: sahihi inahitajika mtu akikuuzia haki au akikupa wewe peke yako, lakini ruhusa ya kawaida, isiyomzuia yeye kuwapa wengine, hata ya mdomo inatosha.

Ikaja ya mdomo. Sauti ya dakika mbili, Kiswahili cha Voi kabisa, hakijaguswa na baridi ya Leicester.

"Kaka, weka. Mbona waomba? Andika tu ni za Baba, jina lake lote, si Anko. Na mama yako asalimiwe kama yupo. Lakini ile ya 44 umekosea. Umeandika Mackinnon Road. Si Mackinnon Road hiyo, ni Maungu. Mimi nilikuwepo. Jua lilikuwa linampiga kwenye kamera, nikamshikia mwavuli."

Nilifungua faili la asili, lile zito, nikaikuza ile alama nyeusi ya pembeni kushoto mpaka ikajaa skrini. Ina mshono. Na mwishoni kabisa, mahali kitambaa kinapoishia, kuna ncha ya waya wa mwavuli na nusu ya ukucha wa kidole gumba.