Jinsi ninavyorekodi njia za miguu kwa simu, kutoka Uru hadi Mlima Meru

Kwa anayeishi Moshi na kupenda kupanda milima, shida si kukosa njia, bali ni wingi wake. Huku juu Uru, Kibosho na Old Moshi kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kina kijia chake, kila mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia, una njia inayoandamana nao, na njia inayoanza ikiwa pana huweza kuishia uani kwa mtu. Nilipoanza kurekodi matembezi yangu kwa simu nilitaka mambo mawili tu: niweze kurudi bila kubahatisha mahali nilipokwisha kufika, na niweze kumwelekeza mwenzangu kwa kitu kilicho wazi kuliko “kata kushoto penye mti mkubwa”. Yote mawili nimeyapata kwa simu ya kawaida ya Android, na naona utaratibu ninaoufuata unaweza kumfaa mtu mwingine wa huku.

Ninaotembea nao wengi hawaamini, mpaka walione kwa macho, kwamba simu haihitaji bando wala mnara ili kujua ilipo. Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, na kazi ya simu ni kupokea tu ishara zake. Ikizipata za setilaiti zisizopungua 4, hukokotoa ilipo. Simu nyingi za sasa hupokea pia ishara za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, jambo linalosaidia sana kwenye makorongo ambako sehemu kubwa ya anga imezibwa. Mtandao wa simu huharakisha tu ule mkao wa kwanza, yaani simu kujua ilipo kwa mara ya kwanza baada ya kuwashwa, ndiyo maana ukiwasha simu msituni bila mtandao huenda ukasubiri dakika kadhaa kabla ya kuona alama yako. Kinachohitaji bando ni ramani yenyewe, nayo hupakuliwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa huifanya usiku wa kuamkia safari. Ninatumia programu ya Organic Maps kwa kuangalia ramani, maana ni ya bure, haina matangazo na huonyesha kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na ninatumia OsmAnd kwa kurekodi, kwa sababu inaniruhusu kuchagua ni kila baada ya sekunde ngapi ihifadhi mahali nilipo. Zote mbili huchota ramani kutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao ramani yake huchorwa na kusahihishwa na watu wa kujitolea. Kuhusu kontua ni vyema mtu ajue asili yake: vipimo vya miinuko vinavyotumika sana katika ramani za bure vilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu cha Marekani mwezi Februari 2000, na nukta zake zimeachana kwa takriban mita 30. Korongo jembamba lenye kuta za kusimama, la aina tuliyo nayo tele huku, linaweza kupotea kabisa kati ya nukta mbili, hivyo mteremko unaoonekana laini kwenye kioo haupaswi kuaminiwa kabla ya kuulizwa mwenyeji.

Usiku huohuo huingia kwenye mipangilio ya simu na kuondoa kizuizi cha kuokoa betri kwa ile programu ya kurekodi. Hatua hii ni ndogo lakini ndiyo inayoamua mengi, kwa kuwa simu nyingi huzima programu inayofanya kazi kioo kikiwa kimezimwa, na mstari ukakatika katikati ya msitu bila mwenye simu kujua. Asubuhi, nikishapata mkao wa kwanza, huweka simu katika hali ya ndege. Kutafuta mnara pasipo na mnara hula betri mno, ilhali GPS huendelea kufanya kazi.

Njia niliyoirekodi mara nyingi kuliko zote ni ile ya kupanda kuelekea maporomoko ya Materuni na vitongoji vya jirani. Chini ya migomba mstari hutulia vizuri, huyumba kidogo tu kwenye miti mirefu. Lakini ukishuka kwenye lile bonde linalopokea maji, ambako ukuta wa mwamba umesimama mbele yako na maji yanakurushia manyunyu, mstari huanza kurukaruka kama uzi uliochezewa na paka, kwa sababu ishara za setilaiti hugonga mwamba kwanza na kuifikia simu zikiwa zimechelewa. Ukikaa hapo kula na kupiga picha huku kurekodi kunaendelea, simu itakuhesabia hatua ambazo hukuzipiga, na jumla ya umbali itaongezeka ingawa umeketi. Dawa yake ni kusitisha kurekodi kila mnapopumzika na kuendelea mnapoinuka. Nikifika nyumbani hufungua mstari kwenye kioo kikubwa, nikafuta nukta zilizoruka, na ndipo naandika umbali.

Mtu aliyenifundisha zaidi kuhusu ramani hana simu janja. Ni mzee wa Uru tuliyemkuta akipogoa kahawa, wakati mimi na binamu yangu tukifuata mstari uliokuwa tayari kwenye ramani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba wanangu. Mnatafuta nini na hiyo simu?”

Tukamwonyesha. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akatazama ule mstari kwa muda. “Hapa mmechora njia,” akasema. “Hapa si njia, hapa ni kingo ya mfongo. Mkipita kila siku mtaibomoa, na wenye zamu ya maji watamlaumu nani? Njia ya watu iko kule, chini ya mringaringa, ikipakana na masale.” Akatutangulia mpaka penyewe. Nikarekodi kipande hicho upya, na kwa idhini yake nikahifadhi maelezo yake kwa sauti kwenye nukta ileile, jambo ambalo OsmAnd inaliwezesha. Tangu hapo nahesabu kuwa njia haijarekodiwa mpaka awe ameulizwa mtu anayeipita, kwa sababu simu inajua nilipopita tu. Haijui iwapo nilistahili kupita.

Kimo kinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kibao cha kituo cha Mandara, kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, kinaandika mita 2,720, na simu inaweza kukuonyesha pungufu hata pale inapopokea vizuri kabisa. Tofauti hiyo haitokani na ubovu wa simu. GPS hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na katika eneo letu usawa halisi wa bahari uko chini ya umbo hilo kwa zaidi ya mita kumi. Programu isiyofanya masahihisho hukupa namba ghafi. OsmAnd ina mpangilio wa kusahihisha hilo. Kwa simu yenye barometa, yaani kipima kanieneo ya hewa, mimi huilinganisha na kibao kila kituo, maana hali ya hewa ikibadilika barometa nayo hubadilika.

Kwenye Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, matumizi yangu ya simu ni tofauti. Huko hutembei bila askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu ya nyati na tembo, na hakuna programu inayochukua nafasi yake. Simu huifanya kumbukumbu: muda tuliotumia kutoka geti la Momella hadi kituo cha kulala cha Miriakamba, kutoka Miriakamba hadi kituo cha Saddle, na mahali pa kupumzika. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane, na baridi hupunguza uwezo wa betri kiasi kwamba simu yenye chaji ya kutosha inaweza kuzimika ghafla. Huiweka kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, na pawabanki nayo hulala nami ndani ya begi la kulalia.

Jambo ambalo ningemsihi kila mtu alifanyie mazoezi kabla ya kuhitaji ni kutuma mahali alipo kwa ujumbe wa maneno, usiohitaji intaneti. Andika latitudo na longitudo zikiwa na tarakimu tano baada ya nukta, kwa kuwa tarakimu ya tano ni kama mita moja ardhini. Usisahau kuweka alama ya kutoa mbele ya latitudo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na alama hiyo ikikosekana, anayekutafuta juu ya Moshi ataonyeshwa nyika za kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit.

Kabla ya kumpa mtu mwingine mstari wowote, hukata kipande cha mwanzo na cha mwisho ili nyumbani kwangu pasijulikane. Mwaka 2018 iligundulika kwamba ramani ya pamoja ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi, kwa sababu tu askari walikuwa wakirekodi mazoezi yao. Kama kambi ilionekana, nyumba ya mtu haishindikani. Njia za wote, zilizothibitishwa na wenyeji, huzipeleka OpenStreetMap. Zinazopita ndani ya vihamba hubaki kwangu, na vijia vya msitu wa hifadhi sivitoi kabisa, kwani kuvitangaza ni kuwaonyesha watu pa kuingilia bila kibali.

Wanaoniomba njia huwatumia faili la GPX, yaani faili lenye nukta za njia iliyorekodiwa, kwa WhatsApp, nikilituma kama hati. Picha ya kioo haiwezi kufuatwa, ilhali faili hilo hufunguka katika karibu kila programu ya ramani, nukta zote zikiwemo pamoja na maelezo niliyoyaandika: mahali pa maji safi, daraja la magogo linaloteleza wakati wa masika, na geti ambalo hupaswi kulipita kabla ya kubisha hodi.